Ukuta wa Matisse: Pini Kwanza, Gundi Baadaye

Mwaka 1946, nyumbani kwake Paris, mchoraji Henri Matisse alikata umbo la mbayuwayu kwenye karatasi ya kuandikia barua. Hakuwa na moyo wa kulitupa, akalibandika ukutani kuficha doa. Baadaye wakafuata samaki, mwani na ndege wengine, mpaka maumbo yakaenea ukuta mzima. Ndivyo zilivyozaliwa kazi mbili zinazohusu anga na bahari ya Oceania, eneo alilolitembelea mwaka 1930.

Ukuta ule ulikuwa wa kahawia hafifu, karatasi nyeupe. Matisse hakuupaka rangi wala hakuuziba. Sehemu zilizobaki wazi kati ya maumbo ndizo zilizogeuka maji na anga. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu: tukiona nafasi, tunaijaza.

Kazi iliyokomaza mbinu hiyo ni Bwawa la Kuogelea, ya mwaka 1952. Kiangazi kile alikwenda Cannes kutazama wapiga mbizi, joto likamshinda, akarudi Nice na kuamua kujitengenezea bwawa lake katika chumba cha kulia. Kuta zilikuwa zimefunikwa kitambaa cha gunia. Wasaidizi wakazungusha utepe wa karatasi nyeupe, juu kidogo ya kimo cha kichwa chake, ukakatizwa na milango na madirisha tu. Yeye, ambaye tangu operesheni ya mwaka 1941 alifanya kazi zaidi akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, alikata waogeleaji kutoka karatasi zilizopakwa rangi nzito ya maji, bluu tupu.

Ninavyoona mimi, ustadi wote uko kwenye jinsi bluu na nyeupe zinavyobadilishana kazi. Pengine mwili ni bluu na maji ni meupe. Pengine bluu ni maji, na mwili ni ule weupe uliozingirwa. Kisha mikono na mawimbi yanavuka ukingo wa utepe na kulala juu ya gunia. Kwa kuvuka huko, gunia nalo linakuwa rangi ya tatu, na jicho linasukumwa kuzunguka chumba kizima, zaidi ya mita 16.

Hayo yasingewezekana kwa gundi. Kila kipande kilishikizwa kwa pini, Matisse akatazama, akaagiza kisogezwe, akatazama tena. Karatasi zake bado zina matundu mengi yanayoonyesha safari hizo. Mkasi ulitoa umbo. Mahali pake palitafutwa kwa pini. Kugandisha moja kwa moja kulikuja baadaye kabisa.

Na huko ndiko kulikotokea hasara. Kazi ilipobandikwa juu ya gunia jipya, gunia lilizidi kuwa jeusi kadiri miaka ilivyopita, na uwiano wa rangi ukapotea. Jumba la makumbusho la MoMA la New York, lililoinunua mwaka 1975, lililazimika kulibandua gunia lile kwa uangalifu mkubwa na kuweka jingine kabla ya kuionyesha upya mwaka 2014.

Basi nawe, ukinunua manila kwa ajili ya sebule yako, nunua na pini. Acha maumbo yakae ukutani siku kadhaa, yasogeze, punguza, na gundi usiifungue mpaka umeridhika na sehemu zilizobaki wazi.