Chanda Bila Pete

Anayechora filamu za katuni hachori mkono unaonyanyuka. Huchora mkono ukiwa chini, akachora tena ukiwa juu, kisha ndipo kazi yenyewe inapoanza: kuzitafuta picha zilizojificha kati ya hizo mbili. Karatasi zimeshikwa na vishikizo vidogo vya chuma, taa inawaka chini ya kioo cha meza, na vidole vya mkono mmoja vimepenyezwa baina ya karatasi. Anapindua, anatazama, anapindua tena. Picha zikikaribiana, mkono utakwenda taratibu; zikiachana, utakwenda mbio. Na ole wake akiiweka picha ya kati juu ya mstari ulionyooka: mkono utapanda kama ndoo inayovutwa kutoka kisimani. Mkono wa binadamu hupita kwenye tao. Asiyeliona tao hilo atakuchorea sura nzuri, lakini hatakuchorea kiumbe.

Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Wengi huchora picha 12 na kuipiga kila moja mara mbili, na jicho husamehe. Richard Williams, Mkanada aliyefungua studio yake London, hakutaka kusamehewa. Katika filamu aliyoianza mwaka 1964, ambayo baadaye iliitwa The Thief and the Cobbler, alitaka picha mpya kwa kila fremu: michoro 1,440 kwa dakika moja, kwa mhusika mmoja tu.

Mbegu ya filamu hiyo ilikuwa ngano za Mulla Nasrudin, ambaye sisi tuliolelewa na visa vya Abunuwasi tungemtambua mara moja kuwa ni wa ukoo uleule. Ushirika na waliomletea ngano hizo ulipovunjika mwanzoni mwa miaka ya 1970, Nasrudin akatoka, wakabaki mwizi na fundi viatu katika mji wa dhahabu. Studio iliishi kwa kuchora matangazo ya biashara, na kilichopatikana huko kikailisha filamu.

Williams alikuwa na akili ya kuwatafuta wazee. Alimleta Ken Harris, aliyekuwa amemchora Bugs Bunny kwa miaka mingi. Grim Natwick, aliyembuni Betty Boop. Na Art Babbitt, aliyewachezesha ngoma uyoga katika Fantasia ya mwaka 1940. Vijana wa London wakajifunza kwa kuwatazama wakichora. Ni ujuzi wa kuambukizana, kama wa fundi seremala na mwanafunzi wake: huusomi ukauelewa mpaka uone penseli inasita wapi.

Mtazame huyo fundi viatu waliyemchora. Misumari miwili imebanwa midomoni, kama ilivyo kwa fundi yeyote wa barazani mwenye kiatu magotini. Hiyo misumari ndiyo mdomo wake: ikiinama, ana huzuni, ikiinuka, anatabasamu. Karibu filamu nzima hasemi. Mwizi naye hasemi. Njaa yake ya mali unaiona kwenye vidole na nzi wanaomzunguka. Kuwafanya watu wawili wasiosema waeleweke na mtoto na mzee pia, bila neno, bila mwigizaji, kwa mstari wa penseli tu, hapo ndipo sanaa hii inapojivunia.

Kisha matata. Baada ya mafanikio ya Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988, filamu iliyompatia Williams tuzo ya Oscar, zilipatikana fedha za Warner Bros., na fedha hazikuja bila tarehe ya mwisho. Williams hakupenda kuifunga hadithi yote kwenye michoro ya awali kabla ya kuanza, na mkono wake haukuchoka kurudia kilichokwisha kuwa kizuri. Mei 1992, zikiwa zimesalia dakika zisizofika ishirini, filamu iliondolewa mikononi mwake. Waliopewa kuimaliza walikata vipande, wakaongeza nyimbo, na hatimaye waliokuwa kimya wakapewa maneno. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Ni kama kumsimamia mchezaji ngoma pembeni ukieleza kwa kipaza sauti kwamba sasa anainua mguu.

Simtetei Williams kwa kila jambo. Fundi asiyerudisha kiatu humwacha mteja peku, hata kama mshono wake hauna mfano. Tarehe nayo ni kifaa cha kazi. Lakini wachoraji wa mezani hawakuipanga tarehe wala hawakuivunja. Harris alifariki mwaka 1982, Natwick mwaka 1990, Babbitt miezi miwili tu kabla ya filamu kuchukuliwa. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Vyanda hivi havikuvikwa.

Hata hivyo walichokijua hakikuzikwa nao. Mwaka 2001 Williams alitoa The Animator's Survival Kit, kitabu kilichokusanya aliyojifunza kwa wazee wale, na leo wanafunzi wa uhuishaji wanakitumia duniani kote. Mwaka 2013 nakala ya filamu jinsi alivyoiacha, pamoja na mapengo yake, ilionyeshwa Los Angeles. Alifariki mwaka 2019.

Katika nakala hiyo kuna mahali waziri ZigZag anachanganya karata. Zinaruka, zinapishana, zinarudi kiganjani. Isimamishe filamu hapo, popote. Utakuta karata zimechorwa moja moja, kila moja mahali pake angani, katika picha iliyokusudiwa kukaa mbele ya macho kwa sehemu moja ya ishirini na nne ya sekunde. Aliyeichora alijua hakuna atakayeisimamisha. Aliimaliza, akachukua karatasi nyingine.