Istilahi "Seti ya Herufi": Je, Yatosha?

Mfasiri wa maelekezo ya MySQL, programu ya kuendeshea hifadhidata, hukutana na mpangilio ambao jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, hutoa "seti ya herufi". Tafsiri hiyo ni nyepesi kutamka, lakini ina kasoro mbili, na kasoro hizo zaweza kuharibu jina la mtu katika kumbukumbu za ofisi.

Kwanza, si kila alama ni herufi. Tuchukue neno ng'ombe. Programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Ritifaa si herufi, lakini hapa ndiyo iharibikayo.

Pili, seti hutaja alama zilizomo tu. Haielezi kila alama huwakilishwa kwa baiti zipi. Katika UTF-8, ritifaa iliyopinda huchukua baiti 3. Iwapo programu ya mteja, yaani ile ambayo mtumiaji huiandikia amri, imetangaza latin1, kila baiti husomwa kuwa alama kamili, na neno letu huhifadhiwa kama "ng’ombe". Ubaya ni kwamba mtumiaji huyo, akisoma kwa tangazo lilelile potofu, huliona neno likiwa salama. Kosa hugunduliwa na mwenzake aliyetangaza usimbaji sahihi. Kwa kuwa latin1 ndiyo iliyokuwa chaguo-msingi la seva ya MySQL kabla ya toleo la 8.0 la mwaka 2018, jambo hili si la kubuni.

Amri ihusikayo ni SET NAMES. Kuifasiri "weka majina" ni kumpoteza msomaji, kwani haigusi majina. Hutangaza usimbaji wa mambo 3: maandishi yatumwayo na mteja, muunganisho wenyewe, na majibu yarudishwayo. Wala haitengenezi kilichokwisha kuharibika.

Kwa maoni yetu, mpangilio huu uitwe "usimbaji wa alama", na "seti ya alama" ibaki kwa orodha ya alama zenyewe. Huenda wengine wakahofia kuwa usimbaji utadhaniwa kuwa ufichaji wa siri; lakini huo tayari una jina lake, "usimbaji fiche". Amri yenyewe isifasiriwe, maana mashine haitaitambua. Maelezo yake yaseme "kutangaza usimbaji". Istilahi njema hutaja kazi ya kitu, si sura ya neno la kigeni.