Lahajedwali la Mwalimu wa Taaluma

Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania, zikiwemo za ukanda wa Shinyanga na Geita, matokeo ya mitihani ya muhula huandaliwa kwa faili ambalo mwalimu wa taaluma, yaani mwalimu aliyekabidhiwa usimamizi wa masomo na mitihani, amelitengeneza mwenyewe katika lahajedwali la Excel. Lahajedwali ni programu inayogawa ukurasa katika safu na mistari, na kila makutano yake huitwa seli, ambayo hubeba namba, maneno au fomula, yaani amri ya kukokotoa. Shule iliyo katika kata kama Didia ya mkoani Shinyanga, ambayo afisa TEHAMA wa halmashauri yake yuko Iselamagazi, haiwezi kumngoja mtaalamu kila alama zinapokusanywa. Kwa hiyo mwalimu wa Hisabati au Jiografia, ambaye hakusomea uandishi wa programu, hujikuta ameandika programu bila hata kuiita hivyo.

Programu hiyo si ndogo kama inavyodhaniwa. Mtahiniwa wa kidato cha nne hupimwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Gredi A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5, na jumla ya pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Faili lazima ligeuze alama kuwa gredi, gredi kuwa pointi, lichague pointi saba ndogo kuliko zote kwa fomula iitwayo SMALL, lizijumlishe, kisha litaje daraja na nafasi ya mwanafunzi darasani. Kazi iliyokuwa ikiwafanya walimu wakeshe na kikokotoo na karatasi za mistari sasa humalizika alama ya mwisho inapoingizwa.

Tofauti kati ya faili imara na faili dhaifu huonekana kanuni inapobadilika. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitangazwa kwa mfumo wa GPA, yaani wastani wa pointi, uliokuwa na gredi za ziada za B+ na E, na mwaka 2016 Wizara ya Elimu ikaagiza kurejea kwenye madaraja. Faili ambalo mipaka ya gredi imeandikwa ndani ya fomula ya kila seli linadai fomula hizo zote zirekebishwe, na ile itakayosahaulika huendelea kutoa jibu la kanuni iliyofutwa bila kuonya. Lakini faili ambalo mipaka hiyo imewekwa katika jedwali moja dogo la pembeni, nazo fomula zinaisoma kutoka hapo, hurekebishwa mahali pamoja. Ndivyo ilivyo pia kwa karani wa dhahabu wa Geita au Kahama anayekokotoa makato kwa lahajedwali lake: mrabaha wa dhahabu ulipopanda kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017, na juu yake ikaja ada ya ukaguzi ya asilimia 1, mzigo wa thamani ya shilingi 3,450,000 ulipaswa kukatwa mrabaha wa shilingi 207,000 badala ya 138,000, na mstari mmoja uliobaki na kiwango cha zamani ungepunja Serikali shilingi 69,000, mbali na ada yenyewe.

Makosa yanayosumbua zaidi, hata hivyo, hayatokani na kanuni kubadilika bali na namna programu inavyoonyesha namba. Mwanafunzi aliyepata 73 katika jaribio na 76 katika mtihani ana wastani wa 74.5. Seli ikiwa imepangwa kutoonyesha desimali, kwenye skrini na kwenye karatasi itasomeka 75, ambayo ni A, lakini fomula ya gredi husoma 74.5 iliyofichwa nyuma yake na kutoa B. Mzazi anayeona 75 na B katika mstari mmoja ana haki ya kuuliza, na pointi hiyo moja ndiyo inayoweza kuzitenga 17 na 18, yaani daraja la kwanza na la pili. Dawa yake ni kukadiria wastani kwa fomula ya ROUND kabla ya kutafuta gredi. Seli tupu nayo ina hila yake, kwa kuwa fomula nyingi za gredi huihesabu kuwa sifuri: asiyesoma Fizikia huandikiwa F, na kwa kuwa SMALL huchukua masomo saba bora tu, daraja lake halibadiliki na kosa halionekani, ila idadi ya F za Fizikia hupanda na mwalimu wa somo hulaumiwa kwa wanafunzi asiowafundisha.

Hayo si ya walimu wa vijijini peke yao. Tangu Dan Bricklin na Bob Frankston watoe VisiCalc mwaka 1979, lahajedwali limewapa wafanyakazi uwezo wa kujitengenezea zana, na makosa yake hayachagui ofisi: mwaka 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza ilichelewa kuripoti visa 15,841 vya UVIKO-19 kwa sababu faili la aina ya zamani lililotumika halipokei zaidi ya mistari 65,536.

Kumzuia mwalimu asitengeneze faili lake kwa hoja kwamba si mtaalamu ni kukosea, maana anayejua kwamba kuna mwanafunzi asiyesoma Fizikia ni yeye, si fundi wa mbali. Kasoro iko kwenye upweke wa kazi hiyo: fomula haisomwi na mtu wa pili, na mara nyingi nywila iko kichwani mwa mmoja. Wakuu wa shule wangefanya vema kumteua mwalimu mwingine akokotoe kwa mkono matokeo ya wanafunzi wachache kabla hayajabandikwa, na mwalimu wa taaluma anapopata uhamisho, hati ya makabidhiano itaje faili, nywila na maelezo ya fomula zake, kama inavyotaja vitabu na funguo za stoo.