Kikwembe cha kila siku: tusikichague kwa ajili ya picha

Leo nataka kuchambua nguo. Namaanisha ile ambayo kila msimu wa sherehe tunatangaziwa katika kikundi cha WhatsApp: "Wanawake wote kikwembe hiki, mshono huu. Wanaume shati." Picha inafuata: dada amesimama wima, mkono kiunoni, jupe imembana toka kiuno mpaka chini ya magoti. Watu wanaweka mioyo, kisha tunakimbia kwa fundi.

Mimi nilishona ile ya mwaka jana. Katika picha nilitoka vizuri kabisa, siwezi kudanganya. Lakini picha ilichukua dakika moja, na siku ilichukua masaa kumi na mbili. Usiku mvua ilikuwa imenyesha Butembo, na munajua udongo wetu vile unakuwaga. Taximan wa moto aliniangalia akauliza: "Dada, na hii jupe utapanda namna gani?" Nikakaa upande-upande, miguu yote miwili upande mmoja, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine kwenye sakoshi. Kwenye mteremko gurudumu likateleza, nami nikaanguka kama mfuko wa makala. Sikuvunjika, Mungu asante. Ila ule mpasuo wa nyuma uliendelea kupasuka, na niliingia ukumbini na sweta ya rafiki imefungwa kiunoni. Sweta ile haiko katika picha hata moja.

Tuseme ukweli: kitambaa hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mkasi.

Angalieni hesabu yenyewe. Kikwembe kinauzwa yadi 6, karibu mita 5 na nusu. Kinagawanywa mara tatu, yadi 2 kila kimoja: kimoja cha kufunga, kimoja cha blauzi, na cha tatu kinabaki kwa kubeba mtoto, kujifunika baridi, au kuongeza juu ya kile cha kwanza. Yadi 2 ni sentimita 183. Ukiwa na nyonga za sentimita 100, kitambaa kinakuzunguka chote na bado zinabaki kama 80 za kupishana mbele. Zile 80 njo starehe yenyewe. Ukipiga hatua ndefu, tabaka moja linateleza juu ya lingine. Ukiinama au ukikaa, nguo inafunguka kwa ndani na nje haionyeshi kitu. Sasa fundi anapokushonea ile ya kubana, anakutolea zile 80 zote, kisha anakurudishia mpasuo mdogo nyuma. Unalipa pesa ili upunguziwe hatua.

Na hii akili ya kupishanisha kitambaa haiko yetu peke yetu. Wanaume wa Scotland wana kilt, na ile ya zamani inashonwa kwa kama yadi 8 za sufu. Mbele vipande viwili bapa vinapandana, nyuma iko mikunjo mingi iliyoshonwa juu tu, kwenye nyonga, na chini imeachwa huru. Ni nguo ya kupandia milima. Kwenye pwani, Lamu na Zanzibar, wanaume wanafunga kikoi, wanakikunja kiunoni, wanaenda nacho kwa kazi au wanapumzika nacho nyumbani. Milima ya mbali, bahari, na milima yetu ya Lubero: watu hawakuulizana, lakini walipata jibu moja. Mguu unataka nafasi, na nafasi inatoka kwenye kupishana.

Basi, kikwembe cha kila siku tukichague namna gani? Kwanza, kitambaa. Sokoni kila kitu kinaitwa wax, hata kile kisichokuwa. Kigeuze: wax ya kweli rangi iko pande zote mbili karibu sawa, lakini kile kilichopigwa chapa upande mmoja nyuma kimefifia. Hicho cha upande mmoja si kibaya kikiwa pamba, tena kinakuwaga chepesi. Adui ni plastiki inayojifanya pamba. Omba uzi mmoja wa pembeni, uuchome. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na inaacha jivu, ile nyingine inayeyuka na kuwa kijiwe kigumu. Ukipanda toka Furu mpaka katikati ya muji na jua la saa sita, utajua juu ya nini nasema hivi: hainywi jasho.

Pili, usidanganywe na ugumu. Kikwembe kipya kinasimama kama karatasi sababu ya dawa ya kiwandani. Kioshe mbele ya kukata, kilegee na kirudi kama kinataka kurudi, ndipo fundi apime. Tatu, jaribu nguo ukiwa katika mwendo. Kwa fundi hatuko na desturi hiyo, tunasimama mbele ya kioo, tunageuka, basi. Panda ngazi. Chuchumaa kama unayeosha vyombo. Kaa kwenye kiti kama kwenye moto. Ikikataa moja ya hizo tatu, si nguo ya kila siku.

Najua jibu la wengi: "Ya kufunga ni ya jikoni, tena inaangukaga." Sehemu ya pili ni kweli, inaweza kuanguka, zaidi upepo ukivuma na mikono yako ikishika vitabu. Lakini mafundi wetu wanajua jupe portefeuille, ile ya kupishana yenye kamba au vifungo viwili kiunoni. Ni kikwembe cha mama kilichopewa kufuli. Mwambie fundi kipande cha mbele kifike karibu na nyonga ya upande wa pili, kisiishie katikati ya tumbo, na aongeze mfuko mmoja. Na hiyo utaingia darasani, kanisani na ofisini, hakuna atakayekuuliza kama umetoka jikoni.

Sehemu ya kwanza ndiyo inaniumiza. Juu ya nini nguo inayoacha mwili ufanye kazi tunaiita ya jikoni, na ile inayoufunga tunaiita ya msomi? Bamama waliotulipia minerval walifunga vikwembe viwili, wakashuka na mizigo ya mboga, wakapanda tena. Na waliokimbia toka Eringeti na Oicha kuja Beni na Butembo, tuliwaona: kikwembe kimoja kiunoni, cha pili kinabeba mtoto, na usiku hicho cha pili kinakuwa blanketi. Msinisikie vibaya, sisifu mateso. Nasema tu kwamba siku ile ngumu, ile jupe yangu ya sherehe isingevuka hata mfereji mmoja.

Pia sitaki tugeuze hili kuwa amri. Tulishapita huko. Wakati wa authenticité, miaka ya 1970, Mobutu aliwakataza wanawake suruali na kikwembe kikawa kama sheria, huku wanaume wakivalishwa abacost. Ni baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 ndipo tai ilirudi shingoni. Waingereza nao walifanya kinyume chake: mwaka 1746 waliwakataza wanaume wa milima ya Scotland kilt yao, mpaka 1782. Anayelazimisha na anayekataza wote wanasahau kuuliza mwenye miguu. Dada anayetaka suruali, avae suruali yake kwa amani. Na kaka anayetaka kujifunga kikoi nyumbani, sisi tutacheka siku mbili, ya tatu tutazoea.

Ombi langu kwa komite ni dogo. Sherehe inayokuja, tuchagulieni kitambaa, rangi moja, sawa, tunapenda kufanana. Lakini msituchagulie mshono. Kila mtu apeleke yadi zake kwa fundi wake, akumbuke njia atakayopita, moto atakayopanda, na Jumatatu inayofuata, wakati sherehe imekwisha na nguo iko bado mupya. Kama Jumatatu hiyo hawezi kuivaa kwenda kazini, basi tumemuuzia picha kwa bei ya nguo.