Si Kila Viongezekavyo Pamoja Vina Uwiano

Maneno yasikiwayo sana darasani katika habari ya uwiano ni haya: kimoja kikiongezeka na cha pili kikaongezeka, uwiano ni wa moja kwa moja, cha pili kikipungua, uwiano ni wa kinyume. Maneno hayo ni mepesi, na watoto huyashika upesi. Lakini ni pungufu, tena hudanganya.

Tutazame vyungu vya Wakisi vipelekwavyo kwa mtumbwi kutoka Ikombe hata soko la Matema. Tuseme mwenye mtumbwi atoza shilingi 2,000 za safari, na juu yake shilingi 100 kwa kila chungu. Vyungu 20 vitalipiwa 4,000, na vyungu 40 vitalipiwa 6,000. Vyungu vimeongezeka, na nauli imeongezeka, lakini uwiano haupo, kwani vyungu mara mbili havikuleta nauli mara mbili. Mtoto aliyeshika maneno yale atahesabu 8,000, na mama yake atapunjwa 2,000 huku akisema mwanangu amesoma.

Kipimo cha kweli ni kugawanya na kuzidisha. Katika uwiano wa moja kwa moja, ukigawanya kimoja kwa kingine hupata jibu lile lile siku zote. Katika ule wa kinyume, ukizidisha hupata jibu lile lile: watu 6 wakivuna shamba kwa siku 4, watu 8 wenye bidii sawa watalivuna kwa siku 3, maana zote mbili ni 24. Namba hiyo isiyobadilika ndiyo herufi k ya aljebra. Katika sekondari zetu somo hufundishwa kwa Kiingereza, na wengi huikariri k wasijue kwamba ndiyo moyo wa jambo lenyewe.

Uwiano wa pamoja huwapata wakulima zaidi. Mbegu za mpunga hufuata urefu wa shamba na upana wake pamoja. Aongezaye pande zote mbili mara mbili ahitaji mbegu mara nne. Akinunua mara mbili tu, nusu ya shamba italala tupu.

Na mvua je? Mpunga wa Kyela huipenda, lakini Songwe na Kiwira zikifurika, mvua yazidi na mpunga wazama. Ningependa zoezi moja la namna hiyo liwekwe kati ya mazoezi ya kitabu, mtoto apate ruhusa ya kujibu: "Hapa hapana uwiano."