Kiingereza kipitie Kiswahili

Wandugu, mimi naona njia ya Charles Curran ya kufundisha lugha za kigeni iko na uzuri na uzito. Huyu padri, profesa wa saikolojia kule Chicago, aliweka wanafunzi wachache katika duara, mwalimu nyuma yao. Mwanafunzi anasema anachotaka katika lugha yake, mwalimu anamnong'oneza tafsiri, naye anairudilia kwa sauti mbele ya kinasa sauti. Kisha wote wanasikiliza na kuchambua maneno yao wenyewe.

Uzito wake: kalasi ya watu sitini haikai duara moja, na mwalimu mmoja hawezi kunong'onezea wote.

Lakini njia hii inadai mwalimu anayejua lugha ya wanafunzi, na hao huku mashariki ya Kongo tuko nao. Juu ya nini basi Kiingereza cha sekondari tunakifundisha kupitia Kifaransa, lugha ingine ya kigeni? Mtoto asiyeshika Kifaransa anapoteza zote mbili.

Duara tuliache. Ila mwanafunzi aruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili: "Hii nitaisema namna gani?" Hapo njo Curran alikuwa na haki. Wewe unaona je?