Hapo Paache

Siku za mwisho za Ramadhani, maduka ya Darajani, Unguja, hujaa kofia za mashine. Ni nyeupe, ni safi, zimetiwa wanga zikasimama, na bei yake humwezesha baba kuwavika watoto wake wote. Sina neno na bei. Kinachoniuma ni kwamba hazikuachwa mahali hata padogo. Tangu ukingo wa chini hadi katikati ya duara la juu, uzi umelala juu ya uzi, ua limekanyaga ua, na jicho halipati pa kutua. Muuzaji huigeuza mkononi na kuisifu: "Tazama, mzee wangu, hii imejaa kazi."

Kujaa imejaa. Lakini zamani, aliyefundishwa kushona kofia ya viua alifundishwa kwanza kutojaza.

Mtaani kwetu Ng'ambo alikuwapo bi mkubwa mmoja aliyeshona kofia tangu usichana wake. Alasiri, akishamaliza mambo ya jikoni, alikaa ukumbini na wasichana wa jirani, kila mmoja na kipande chake cha bafta mapajani. Mimi nilikuwa mtoto wa kiume nisiye na kazi pale, nikavumiliwa kwa kuwa nilitumwa dukani kununua nyuzi. Vipande vilikuja vimekwisha kuchorwa kwa penseli, maua na nyota na majani, na wasichana walifuata mstari. Bi mkubwa yeye alifuta. Alikitandaza kipande juu ya goti, akakitazama kitambo, akakisogeza mbali, akakirudisha, kisha akachukua kifutio cha mtoto wa shule akafuta ua hapa na jani pale. Wakati mwingine aliondoa safu nzima. Wasichana waliona hasara, maana mchoro ule ulikuwa umelipiwa. Mmoja wao hakuchoka kumuuliza: "Bibi, na hapa nitie?" Naye hakuinua uso. "Hapo paache, mwanangu. Hebu ivae wewe jua la saa saba uone."

Ilinichukua miaka kufahamu kwamba jibu lile lilikuwa la kazi hasa, wala halikuwa la kumnyamazisha mtoto. Kofia ya viua ina tabaka mbili za kitambaa, na mshono ndio unaozishika pamoja. Mshono ukiwa haba, tabaka la ndani huteleza. Kofia ikifuliwa mara chache hukunjamana, na wanga haushiki sawasawa. Mshono ukizidi, kitambaa hukakamaa, kofia huwa nzito, na ukitaka kuikunja uitie mfukoni inakugomea. Na viua vyenyewe ni matundu: hutobolewa, kisha kila kimoja huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka ukingo wake ukaze. Ndivyo vinavyopitisha upepo kichwani. Vikisogeleana mno, kitambaa kilichobaki baina yao hakina nguvu, hupasuka, na tundu moja likamla jirani yake. Basi anayeamua wapi pajazwe na wapi paachwe anaamua pia kofia itaishi Idd ngapi.

Hapo bado hatujaingia kwenye uzuri. Kofia nyingi za kazi hii ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Hakuna rangi ya kuusaidia mchoro uonekane. Unaonekana kwa kivuli tu, kwa tofauti ya pale palipoinuka na pale palipolala. Ondoa palipolala, na palipoinuka napo pametoweka. Kofia iliyojazwa yote, ukiwa hatua tatu mbali nayo, ni weupe mtupu wenye vumbivumbi la uzi. Ile iliyopimwa vizuri unaisoma kutoka ng'ambo ya barabara: nyota hii, ua lile, na uwanja ulio safi katikati yao.

Washonaji wazuri hawakuupima uwanja huo kwa usawa pande zote. Duara la juu lilipewa kazi ya kutulia, kwa sababu msikitini ndilo linaloonwa na aliye safu ya nyuma. Ukingo wa chini, unaokutana na jasho na mafuta ya nywele na kufuliwa kwa nguvu kuliko sehemu nyingine, ulishonwa kwa karibu lakini bila madoido. Na pale kofia inapokunjiwa, mwenye akili hakuweka ua lake bora, maana kukunjwa kila siku kungelikata. Mambo haya hayakuandikwa popote. Yalikaa kwenye vidole vya watu.

Wala si Unguja peke yake. Lamu, wanaume hukaa barazani wakazishona. Barawa, pwani ya Somalia, ina kofia yake yenye sifa. Tangu Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mavazi ya pwani hii na ya Oman yamekuwa yakipeana na kupokeana. Na familia zilizohamia Oman baada ya 1964, na zaidi baada ya 1970, zilikwenda na sindano zao. Kule huiita kumma, na wanaume huivaa kila siku. Na kule pia mashine imeingia.

Siilaumu mashine kwa kushona haraka. Naona imetuzoesha jambo jingine: kwa kuwa kwayo mshono mmoja zaidi haugharimu kitu, hakuna anayeuliza kama unahitajika. Kisha sisi wanunuzi tumeichukua tabia hiyo tukawapelekea wanawake wanaoshona kwa mkono. Mtu hupokea kofia iliyomchukua mshonaji miezi, akaweka kidole kwenye uwanja mweupe, akasema hapa umeninyima. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, na nimemwona mama wa watu akiinama bila kujibu. Safari inayofuata atajaza. Lakini kujaza kwa viua ni kazi ya macho na miezi, na malipo hayaongezwi; basi hujaza kwa mishono mirefu iliyolegea, inayopita juu juu na kufumuka ikifuliwa. Hivyo tunapata kofia yenye uzi mwingi na kazi kidogo, kisha tunasema watu wa siku hizi hawajui kushona.

Wanajua. Wapo bado, Unguja na Lamu, ila wengi ni watu wazima, na binti zao wameona malipo wakachagua mengine. Kwa hiyo nawaomba wenye uwezo: agizeni kofia moja ya mkono, na muiagize mapema, si wiki ya Idd. Ikifika, ipindueni mwangalie upande wa ndani, kisha muinyanyue kwenye mwanga mtazame nafasi zilizo baina ya viua. Na mshonaji mlipeni kwa kazi yake yote, pamoja na mahali alipopaacha.